Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: bibi aliye kwenye tangazo lenu ni bibi yangu

Moshi, Kilimanjaro

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya utalii niliyoiandikia mara tatu bila kujibiwa,
Arusha.

Nakala: Wakurugenzi wa kampuni nyingine za utalii na mawakala wa matangazo, Arusha na Moshi.

YAH: VIDEO YA KAHAWA MLIYOINUNUA KWA MTU ASIYEIREKODI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima zote. Jina la kampuni yako sitalitaja hapa, wala la dada aliyewauzia video. Barua pepe zangu tatu mnazo. Kitabu cha wageni cha mapokezi kina sahihi yangu mara mbili, na mara zote mbili nilitoka Moshi asubuhi kwa basi na kurudi jioni bila kuonana nawe. Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeshaigonga yote.

Mimi natengeneza video. Huu ni mwaka wa nne narekodi kazi za nyumbani za huku mlimani: kupika mtori, kukata majani ya ng'ombe, kuzibua mfereji, kuchinja migomba iliyozeeka. Wafuasi wangu ni elfu sita na kidogo. Ninaishi kwa kazi hii pamoja na kurekodi harusi, kipaimara na misiba.

Naomba kwanza nieleze video yenyewe ilivyopatikana, maana afisa masoko wenu aliniambia ni "video ya sekunde 42 tu".

Nilikwenda Uru kwa bibi yangu, mzaa mama, Julai mwaka jana. Siku hiyo alikataa kurekodiwa. Alisema amevaa nguo za shambani, na ndizi zinasubiri kumenywa. Tukamenya ndizi, nikala, nikarudi mjini sina hata kipande kimoja. Agosti nikarudi, kahawa zikiwa zimeanza kuwa nyekundu. Nikalala siku tatu. Tukachuma, tukamenya kwa mashine ya mkono aliyoiacha babu, tukaziacha zichachuke, tukaziosha, tukazianika kichanjani. Kahawa iliyoanikwa haina haraka. Inageuzwa kila siku, ikitishia mvua inafunikwa, na inaweza kuchukua wiki mbili. Nikashuka mjini, nikangoja, nikapanda tena Septemba.

Septemba ndipo Bibi alipokubali. Akavaa kitenge alichokitaka mwenyewe. Akakoboa kwenye kinu, akapepeta kwa ungo, akakaanga juu ya mafiga mpaka buni zikaanza kupasuka. Sauti ile ya kupasuka ndiyo niliyoifuata miezi mitatu. Simu niliiegemeza kwenye rundo la kuni ili nisimsogelee usoni. Kwenye sekunde ya 17 Bibi anakohoa, anacheka, kisha ananilaumu kwa Kichaga kwamba nimemletea kuni mbichi. Nilikiacha kikohozi. Nilikaa siku nzima nikifikiria kama nikitoe, nikaona nikikitoa nitakuwa nimemtoa Bibi.

Kwa kuhesabu siku za Uru na siku za kuhariri, kazi ilichukua siku 11. Nauli, bando, kadi mpya ya kumbukumbu, sukari na mchele ambavyo mjukuu hawezi kukosa kwenda navyo, vilifika shilingi 186,000. Nguvu yangu haimo humo. Vipande nilivyorekodi ni 96, na vyote ninavyo.

Januari mwaka huu binamu yangu anayeishi Sakina, Arusha, akanitumia ujumbe: "Hongera, Bibi amekuwa staa." Chini yake palikuwa na kiungo. Nikafungua nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa, nikamwona Bibi. Kinu chake, kitenge chake, moshi wangu wa kuni mbichi. Kona yenye jina langu ilikuwa imekatwa. Kikohozi kimefunikwa kwa muziki. Na juu ya muziki, sauti ya dada nisiyemfahamu inasema: "Huyu ni bibi yangu, alinifundisha kutwanga kahawa nikiwa na miaka sita." Mwishoni likaja jina la kampuni yako, na bei ya safari ya siku moja kwa dola.

Ndugu Mkurugenzi, malalamiko yangu ni haya.

1. Mlilipia kitu ambacho aliyewauzia hakuwa nacho.

Mtu akikuletea gari la kubebea wageni, huwezi kulipa kabla ya kuiona kadi. Unauliza limetoka wapi, limesajiliwa kwa jina la nani, bima ikoje. Kwa video hamkuuliza hata swali moja. Nilipomwuliza afisa masoko kama aliwahi kumwuliza yule dada amerekodi lini na wapi, alinijibu kwamba hilo si jambo la kawaida. Ndilo ninalolilalamikia kuliko yote. Dada yule alichukua mara moja. Ila ni fedha ya kampuni iliyomwambia, yeye na wengine wanaomtazama, kwamba kuchukua kunalipa.

2. Mmempa bibi yangu mjukuu asiye wake.

Bibi hana simu ya kuonea video. Nilimwonyesha kwenye yangu, nikamtafsiria alichosema dada. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Huyu mama yake ni nani?" Nikamwambia simjui. Akauliza tena: "Alikuja lini hapa?"

Huku kwetu maswali hayo mawili ndiyo yanayomweka mtu mahali pake. Kama ni mjukuu, ana mama, na huyo mama ametoka mlango fulani wa ukoo. Na kama alifundishwa kutwanga hapa, kuna siku alikuja, kuna mtu alimwona, kuna kikombe alinyweshwa. Bibi amezika watoto wawili. Kusikia mtu anajitangaza kuwa damu yake ili auze safari kulimuumiza kwa namna ambayo mimi sikuitarajia, maana nilidhani nimebeba hasira yangu peke yangu.

Na zaidi ya hisia kuna ruhusa. Bibi alikubali kurekodiwa na mjukuu wake. Kuwa sura ya tangazo la kampuni hakuombwa na hakukubali. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na sura ya mtu ni mali yake hata akiwa ni bibi wa kijijini asiyejua kwamba ipo mtandaoni.

3. Mmewadanganya wageni wenu wenyewe.

Anayelipia safari ile anategemea kumkuta yule bibi. Hamumjui anapokaa. Mnawapeleka wageni kwa watu wengine, ambao nao ni wakarimu na kahawa yao ni nzuri, na wangestahili kuonyeshwa wao kwenye tangazo kwa sura zao na majina yao. Kwa hiyo walionyang'anywa ni zaidi ya mmoja.

4. Video ilipoondolewa, mliirudisha ikiwa imegeuzwa.

Nilipeleka malalamiko kwenye mtandao wenyewe na video ikaondolewa. Siku ya nne ikarudi kwenye ukurasa wa kampuni yako, safari hii imegeuzwa kushoto kulia ili isitambulike kwa urahisi. Maandishi ya kwenye gunia nyuma ya Bibi yakawa yanasomeka kinyumenyume, na Bibi akawa anatwanga kwa mkono wa kushoto. Bibi yangu hatumii mkono wa kushoto.

Kosa la kwanza ningeweza kuliita kutojua. Hili la pili lilifanywa na mtu aliyejua kabisa anachofanya, akiwa kazini kwako.

5. Mnalipa hesabu ya wafuasi, kazi hamuilipi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu siandiki kwa ajili ya video moja.

Dada aliyewauzia ana wafuasi zaidi ya laki mbili. Hilo lina thamani, silikatai. Kujenga wafuasi laki mbili ni jasho, na kampuni ina haki ya kulipia njia ya kuwafikia watu. Lakini njia na mzigo ni vitu viwili. Mnamlipa mwenye barabara kana kwamba ndiye aliyelima. Na mkishalipa hivyo, mnaweka na masharti ambayo hayawezi kutimizwa kwa uaminifu. Mimi mwenyewe nimewahi kupokea kazi za namna hiyo kutoka kwa kampuni za hapa: Jumatatu unapigiwa simu, Alhamisi zinatakiwa video mbili na picha kumi za "maisha halisi ya kijijini". Kwa siku tatu huwezi kupanda Uru, ukakaa, ukakubaliwa, ukasubiri jua, ukashuka na kuhariri. Kinachowezekana ndani ya siku tatu ni kufungua simu na kutafuta aliyekwisha kukaa na kusubiri. Nilizikataa zile kazi, na mwezi ule nikakopa kodi ya nyumba. Simlaumu kila aliyezikubali.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wa barua hii wasimtafute yule dada kumtukana. Ana umri wa mdogo wangu. Nilimwandikia, akasoma, akanifungia nisimwone tena, na nadhani aliogopa. Anayepanga bei na muda ni nyinyi.

Tangu Agosti 2022 intaneti imefika hadi Horombo, kituo cha wapanda Mlima Kilimanjaro kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anaweza kuamua safari yake ya Tanzania kwa kutazama alichorusha mpagazi au mpishi dakika hiyo hiyo. Picha na video ndizo zinazomleta mteja wenu kabla hajazungumza na yeyote ofisini. Kama ndicho kinachomleta, basi ni malighafi ya biashara yenu kama mafuta ya gari na mahema, na wanaoitengeneza wanapaswa kulipwa kama wauza mafuta wanavyolipwa. Serikali imeshaliona: kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengenezaji wa maudhui ya kidijitali. Hakuna anayetoza kodi mchezo.

Sasa nije kwenye majibu niliyopewa ofisini kwenu, na mengine ambayo najua yatafuata baada ya barua hii.

La kwanza ni kwamba video ilikuwa mtandaoni, kwa hiyo ni ya kila mtu. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda aliyetengeneza kazi tangu pale inapotengenezwa, bila kudai asajili kwanza. Inampa pia haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Bern, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo hata mgeni wenu anayerekodi hapa analindwa hivyo hivyo. Kuanika nguo uani si kuzigawa.

La pili lilinikera zaidi kwa kuwa linavaa sura ya hekima: kwamba utamaduni hauna mwenyewe, na mimi siwezi kuimiliki kahawa ya Wachaga. Ni kweli siwezi, na sijawahi kudai. Dada yule angepanda Uru na simu yake, akaomba, akakaa na bibi mwingine yeyote akarekodi kinu na moshi, ningekuwa wa kwanza kumpongeza. Lakini kwa kuwa mmeuleta utamaduni mezani, tuusikilize unavyosema. Mlimani kwetu maji ya kumwagilia yalishushwa kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka vijito vya juu mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, ukoo wa aliyeuanzisha. Majirani walipata maji kwa zamu, na zamu ilikuja na wajibu: siku ya kusafisha mfongo unatoka na jembe, palipobomoka mnaziba pamoja, na asiyetokea anatozwa au anakosa maji. Hakuna mzee aliyesimama akasema maji ni ya Mungu, kwa hiyo aliyechimba hahesabiki. Maji yaliwafikia wengi, na jina la aliyechimba likabaki. Utamaduni mnaousema ulikuwa na utaratibu mkali kuliko ninaouomba mimi.

La tatu. Ukutani kwenu, juu ya kochi la wageni, pana picha kubwa ya Tingatinga ya chui na ndege. Afisa masoko alininyooshea kidole pale akasema: "Dada, hata ile ni kopi ya kopi. Sanaa yote ni kuigana." Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi, na miezi baadaye.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Hakuchora miaka mingi. Ndugu na wanafunzi wake waliiga mkono wake, wanafunzi wa wanafunzi wakaiga, na leo picha hizo zinauzwa kuanzia Oysterbay mpaka masoko ya vinyago ya Arusha. Waliiga, ndiyo. Lakini tazama walichofanya. Kila mmoja alishika brashi, akapaka mwenyewe kila doa la chui. Wengi wao waliandika majina yao kwenye kona. Na mtindo wote, mpaka kwenye risiti ya duka mliloinunua ile picha, unaitwa kwa jina la aliyeuanzisha. Mwigaji wa Tingatinga anajifunza kwa mikono yake na hamfichi mwalimu. Mimi pia nilijifunza kuanza video na mikono kabla ya uso kwa kumtazama mtengeneza video wa mapishi wa Tanga, na nimemtaja kila nilipoulizwa. Kuiga kwa namna hiyo kumetulea sote. Aliyechukua video ya Bibi hakuiga chochote. Hakupaka hata doa moja.

Kuna watakaosema nataka kumiliki mtindo. Nimefuatilia habari ya kesi iliyofunguliwa Texas, Marekani, mwaka 2024. Sydney Nicole Gifford, anayepata kamisheni kwa kuonyesha bidhaa za Amazon mtandaoni, alimshtaki mwenzake wa kazi hiyo hiyo, Alyssa Sheil, akidai anaigwa mpangilio wa picha, mavazi, hata ile rangi ya maziwa na mchanga ya nyumba yake. Mwaka 2025 kesi ikafutwa bila kufika kwenye hukumu. Namwelewa maumivu yake yule dada wa Texas. Kuona mtu anakuwa wewe si jambo dogo. Lakini mimi siko huko. Hakimiliki, hapa kwetu pia, hailindi wazo wala mtindo, na naona ni sawa isiulinde, la sivyo wa kwanza kurekodi ugali angetufungia sote jikoni. Mimi nazungumzia vipande vyangu vyenyewe, vile vile, pamoja na kikohozi kilichofunikwa.

La mwisho ni lile la kutajwa. Mlinipa chakula cha mchana cha watu wawili na posti moja yenye jina langu, nikaambiwa nitajulikana. Nashukuru kwa chakula, na nilikikataa kwa adabu. Kujulikana ningekukubali kama ningeweza kumpa mwenye nyumba badala ya kodi. Na kama kujulikana ni malipo tosha, yule dada mwenye laki mbili anajulikana kuliko mimi, na bado mlimlipa fedha.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Video iondolewe kote ilikowekwa na kampuni, pamoja na ile iliyogeuzwa, na picha zilizokatwa kutoka humo, zikiwemo zilizochapwa kwenye vipeperushi vya hoteli mbili nilivyoviona Moshi.

(b) Bibi aombwe radhi. Si kwa posti. Aje mtu wa kampuni mwenye mamlaka, afike nyumbani, akae, aseme.

(c) Nilipwe kwa muda ambao kazi yangu imetumika kibiashara, tangu Januari. Kiwango tukae tukikubaliane. Nimeshawaandikia ninachoona ni haki na sikukizidisha. Bibi naye alipwe fungu lake, kwa mkono wake mwenyewe.

(d) Kuanzia sasa, kabla ya kumlipa yeyote mwenye wafuasi wengi au wachache, mwulizeni Bibi alichouliza: ulikwenda lini, na ulikaa na nani? Kisha mwombeni faili la asili kutoka kwenye kamera au simu yake, lisilopitia WhatsApp, kwa kuwa kule video hubanwa na taarifa za kamera zikapotea. Na mwombeni awaonyeshe mabaki, yaani vile vipande ambavyo hakuvitumia. Anayerekodi kweli ana mabaki mengi kuliko kazi. Mimi nina 96. Aliyepakua ana sekunde 42 na hana ya 43. Zoezi hili halizidi robo saa na halihitaji mwanasheria.

(e) Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, unaosema nani amerekodi, nani ameonekana na amekubali nini, na kazi itatumika wapi mpaka lini. Na muda wa kazi uwe wa kibinadamu.

Hili la (d) na (e) nawaomba pia wakurugenzi wengine niliowapa nakala. Linawafaa nyinyi wenyewe. Aprili 2024 Instagram ilitangaza kwamba akaunti inayorudia kuweka kazi za wengine mara 10 au zaidi ndani ya siku 30 haitapendekezwa kwa watu wasioifuata. Kampuni inayojaza ukurasa wake kwa video za kuokota inajifungia mlango wa wageni wapya.

Nimesubiri tangu Januari, nitasubiri siku 14 nyingine kuanzia tarehe barua hii itakapokufikia. Zikipita kimya, nitapeleka vipande vyangu vyote 96 Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na kufuata njia nitakayoelekezwa. Sitamani kufika huko. Ninyi ni waajiri wa watu wengi, wakiwemo wapagazi wa kijijini kwetu, na siandiki ili kampuni ianguke.

Kila nilipokuja ofisini kwenu nilipita kwa miguu karibu na Mnara wa Azimio la Arusha. Mama yangu alikuwa mtoto wa shule Azimio lilipotangazwa, Februari 1967, na bado anakumbuka walivyofundishwa neno mirija: ile ambayo mtu hunywea jasho la mwenzake bila kuinama. Mara ya pili, nikiwa nimetoka kwenu na ile ahadi ya chakula cha mchana, nilisimama pale kwenye mnara kwa muda mrefu kabla ya kwenda stendi.

Kahawa za mwaka huu zimeanza kuiva. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitakuwa Uru tangu asubuhi, tutakuwa tunachuma. Njia ya kufika nimeiandika kwenye barua pepe ya tatu. Ukimtuma mtu, tafadhali mwambie aje na yule dada. Bibi amesema anataka kumwona, amwulize mama yake ni nani, na kama kweli hajui kutwanga, kinu kipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa Bibi wa Uru,
Mtengeneza video, Moshi.